Watoto Hawahesabiwi

Kiota, Kiplombe
Jumanne, 2 Septemba 2025

Kwako Mama Kipyego,

Salamu nyingi kutoka kwa watoto na walezi wa Kiota. Nimesikia kocha amezichukua simu zenu zote akazifungia sandukuni mpaka atakapochagua wakimbiaji wa kusafiri kwenda mashindanoni. Kwa hivyo nimerudi kuwa mtu wa zamani, natafuta bahasha dukani. Emmanuel wa pikapu ya kabeji amekubali kubeba barua zetu kila Jumanne na Ijumaa akija huko kambini. Nimemwambia akipoteza hata moja sinunui kabeji kwake tena.

Kipyego ni mzima na amenenepa. Jana alimweleza Brenda, mlezi mwenzangu, kwamba mama yake alikimbia mpaka akapotea. Ukirudi uje polepole.

Sasa tuje kwa mama yako. Kila asubuhi alikuwa anamleta mjukuu, halafu anakaa getini mpaka jioni kama askari, nikaona afadhali nimpe kazi. Wallahi nimepata dhahabu. Watoto wote wanamwita Kogo, nyanya kwa lugha yenu, hata mwanangu Ayan ambaye ana nyanya yake mwenyewe. Anajua nani analia njaa na nani analia usingizi kabla hajageuka kumtazama.

Lakini dada, hataki kuhesabu watoto! Afisa wa kaunti anakuja mwisho wa mwezi kuamua kama tutapewa leseni, na sharti ni tuhesabu asubuhi, baada ya kucheza na kabla ya kulala, tuandike kitabuni. Namwambia, "Kogo, hesabu hawa." Ananitazama kama nimemtukana. "Watoto hawahesabiwi," anasema. "Hawa si magunia ya mahindi. Unataka kuwaitia mabaya?" Nikimuuliza wako wangapi, anajibu, "Wako." Hiyo ndiyo nambari yake. Nifanyeje?

Wako,
Nasra

*

Kaptagat
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Dada Nasra,

Nimecheka mpaka wenzangu wakadhani nimechaguliwa. Hukuniuliza kabla ya kumwajiri, ningekuambia.

Mwaka wa sensa kijana wa serikali alikuja nyumbani akauliza watoto wangapi. Mama alimtajia sisi sote, mmoja mmoja kwa jina, na tabia zetu juu yake, yule kijana akaenda kujumlisha nje ya ua. Ng'ombe vilevile. Jioni anasimama mlangoni mwa zizi wakiingia, halafu anasema yule mwenye doa bado. Anatuma mtu, na kweli anapatikana. Sijawahi kumsikia akitaja idadi yao.

Usimlazimishe, hutaweza. Lakini wewe, Nasra, uhesabu. Kabla sijakubali kuja huku nilizunguka vituo vinne hapo Eldoret. Kimoja kilikuwa na televisheni kubwa na mlezi amelala. Kwako nilikukuta umesimama getini unahesabu watoto kwa kidole, hukunisalimia mpaka ulipomaliza. Ndipo nikasema mtoto wangu atakaa hapa.

Mazoezi ni makali. Wanawake tuko tisa na kocha atachukua watatu. Nikichaguliwa, maisha yetu yatabadilika. Nisipochaguliwa, nitakuwa nimemwacha mwanangu bure.

Mbusu kwa niaba yangu.

Jemutai

*

Kiota, Kiplombe
Jumanne, 9 Septemba 2025

Kwako Mama Kipyego,

Barua fupi leo, kazi ni nyingi.

Watoto wote ni wazima. Kipyego amependa sana ndama wa jirani yetu Mzee Stephen, hataki kuzungumza habari nyingine. Tumehamisha komeo la geti, sasa liko juu, hata Brenda ananyoosha mkono kulifikia. Mzee Stephen naye amefunika shimo la choo alilokuwa anachimba kule kwake.

Mama yako anakusalimu. Wewe kimbia tu, usiwe na wasiwasi.

Nasra

*

Kaptagat
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Nasra,

Nani aliyekuuliza habari za shimo la choo la Mzee Stephen? Niliisoma barua yako mara mbili nikamfuata Emmanuel kwenye pikapu. Alijaribu kunionyesha kabeji. Nikamwambia sema, akasema.

Kwa hivyo Jumatatu mtoto wangu alitoka getini na hakuna aliyejua kwa karibu nusu saa. Alipatikana zizini kwa Mzee Stephen amekaa na ndama. Alipita kando ya shimo lililo wazi, refu kuliko mtu mzima. Emmanuel anasema alama za viatu vyake zilikuwa kwenye matope pale ukingoni.

Na wewe unaniandikia kwamba amependa ndama.

Najua kilichotokea, huna haja ya kunieleza. Ulimuuliza mama, mama akasema "Wako." Miaka yote nimecheka na hiyo tabia yake. Sicheki tena. Mtoto amepotea kwa sababu mtu mzima alikataa kuhesabu mpaka kumi na tisa!

Jumamosi dada yangu Mercy atatoka Soy aje kumchukua Kipyego. Mpe nguo zake zote. Kwa mama sina ujumbe.

Jemutai

*

Kiota, Kiplombe
Jumanne, 16 Septemba 2025

Mama Kipyego,

Mercy alikuja Jumamosi saa nne. Nilimtaka kitambulisho na sahihi kabla ya kumkabidhi mtoto. Akaniuliza kama huo uangalifu umeanza lini. Nilistahili.

Mama yako alimfungia nguo, akamvalisha kofia, akamsindikiza mpaka barabarani. Nilidhani baada ya hapo ataondoka, lakini Jumatatu asubuhi alikuja kama kawaida.

Ameanza jambo jipya. Kila watoto wanapotoka mahali kwenda mahali pengine, kutoka uwanjani kuja kwenye uji, kutoka kwenye uji kwenda kulala, anasimama mlangoni na kuwaita kwa majina. Mtoto lazima aje amguse mkono. Kogo hapiti jina mpaka ameyaona macho ya mwenye jina. Akifika kwa Kipyego anaita vilevile kama wengine, halafu anajijibu mwenyewe, "Yuko Soy, kwa Mercy," ndipo anaendelea. Nilimwambia anaweza kuliruka. Akasema yeye haruki mtoto.

Kosa ni la Kiota, Jemutai. Usimkasirikie sana mama.

Nasra

*

Kaptagat
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Nasra,

Usinifundishe nimkasirikie nani. Kuita majina sasa kunasaidia nini? Watoto wa watu si ng'ombe wa kusimamia zizini. Mwambie aache hiyo kazi arudi nyumbani, kabla hajapoteza mtoto wa mtu asiyemjua, mtu ambaye hatanyamaza.

Mercy anauza viazi sokoni na Kipyego anashinda chini ya meza yake, malori yanarudi nyuma hatua chache kutoka alipo. Si kosa la Mercy, ana kazi yake. Nimemwambia kocha kwamba nikikosa mahali pa kumweka mtoto nitatoka kambini. Hakugomba. Alisema tu uchaguzi ni tarehe nne Oktoba, na hatamwekea nafasi mtu asiyekuwepo. Jana nilikimbia vibaya, hata wasichana wapya walinipita.

Jemutai

*

Kiota, Kiplombe
Jumanne, 23 Septemba 2025

Dada Jemutai,

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara mbili nimeichana. Hii nampa Emmanuel kabla sijapata nafasi ya kuichana tena.

Siku ile nilihesabu. Hilo ndilo sijakuambia.

Saa nne aliyeleta kuni aliacha geti wazi. Watoto waliingia kwenye uji, nikasimama mlangoni na kidole changu, nikapata kumi na tisa. Nikaandika kitabuni. Mama yako akatoka jikoni na sufuria, akawatazama, sufuria ikiwa bado mkononi akasema, "Huyu wa Jemutai hayuko."

Nikamwambia, "Kogo, nimehesabu. Wako kumi na tisa, wote."

"Mimi sijui hiyo yako. Kipyego hayuko."

"Gawa uji, Kogo, unapoa."

Akagawa, kwa sababu mimi ndiye mwenye kituo na nilimjibu kwa sauti ya mwenye kituo. Lakini alizunguka na ile sufuria akimtafuta kila kona, chini ya vitanda, nyuma ya mlango wa choo. Dakika ishirini zilipita. Kisha Ayan akaniambia, "Mama, Joy si wa hapa." Joy ni mtoto wa jirani, ana miaka minne, alikuwa amejipenyeza kuja kunywa uji na wenzake. Nilimhesabu yeye mahali pa Kipyego. Hesabu yangu ilitimia na mtoto wako alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo.

Mama yako ndiye aliyekimbia kwanza. Kwa umri ule! Aliruka ule ua wa Mzee Stephen nikiwa bado natafuta viatu. Ni yeye aliyemtoa zizini.

Ulipoandika kwamba yeye ndiye mwenye kosa, nilimsomea barua yako. Nilitaka kukuandikia ukweli siku hiyohiyo. Akanizuia. Alisema, "Jemutai ni mtoto wangu. Akinikasirikia mimi itamwisha. Akikukasirikia wewe atasema kwa watu, geti litafungwa, na hawa mama watapeleka watoto wapi?" Mimi nikakubali, kwa sababu ilinifaa. Nimekula na yule mama meza moja wiki mbili huku amebeba mzigo wangu, na kila akiita jina la mtoto wako na kujijibu nataka ardhi inimeze.

Hajui kwamba nakuandikia. Ukitaka kuwaambia watu, waambie. Ukitaka kumwandikia afisa wa kaunti kabla hajaja, jina lake ni Bwana Kipkirui. Sina cha kujitetea.

Nasra

*

Kaptagat
Ijumaa, 26 Septemba 2025

Nasra,

Nimekukasirikia sana. Nataka ulijue hilo kwanza. Mama yangu alikuambia mtoto hayuko nawe ukamwambia agawe uji. Halafu ukaniacha nimtukane.

Lakini hakuna aliyekulazimisha kuandika barua ile. Ungenyamaza, nisingejua kamwe. Kwa hivyo sitamwandikia afisa. Karatasi ya pili humu ni ya mama. Umsomee wewe, kwa sauti, bila kuruka.

*

Mama,

Nisamehe. Nilikuambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, tena kupitia kwa mtu mwingine. Nasra amenieleza yote. Wewe ndiye uliyemwona Kipyego hayuko, na wewe ndiye uliyemtoa.

Mbona hukusema? Ungeniacha nikae na hasira hiyo mpaka lini? Nimekuwa nikikimbia nayo kila asubuhi, nikipanda kilima nagombana na wewe, nikishuka nagombana na wewe, na wewe hukuwa na kosa lolote.

Usiache kazi. Nilikosea kusema hivyo. Endelea kuwaita kwa majina yao.

Kipyego bado simrudishi. Si kwa sababu yako. Nataka kwanza nisikie afisa atakapokuja mtakuwa mmefikia wapi, maana upendo peke yake haukufunga lile geti. Naamini unanielewa.

Mtoto wako,
Jemutai

*

Kiota, Kiplombe
Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Dada Jemutai,

Kaa chini. Kama umesimama na viatu vya mazoezi, kaa chini!

Kwanza, nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niisome tena, akaichukua na kuifunga kwenye leso yake. Kisha akanigeukia: "Na wewe nani alikwambia uandike?" Nikaomba msamaha. Akasema uji unaungua.

Jumanne afisa alikuja. Tulikuwa tumejiandaa, lakini si kwa kupaka rangi. Kila mlezi sasa ana watoto wake anaowajua, nguo zao, vilio vyao, na nani ana ruhusa ya kuwachukua. Joy tumemwandikisha, mama yake alikubali mara moja. Kogo anaita, mimi natia alama kitabuni mbele ya kila jina. Idadi inatokea yenyewe chini ya ukurasa, na mama yako anatazama pembeni wakati naiandika. Tumekubaliana hivyo.

Bwana Kipkirui ni mtu mkavu. Alipima geti, akanusa maziwa, akainama chini ya vitanda. Halafu akamgeukia mama yako badala yangu. "Mama, mko na watoto wangapi hapa?"

Nilifumba macho. Leseni nimeiona inaondoka.

Kogo akamwambia, "Keti nikuambie." Afisa akakaa kwenye kile kiti kidogo cha chekechea, magoti yakafika kidevuni. Kogo akawageuzia watoto mgongo, waliokuwa uwanjani, akaanza kuwataja. Huyu mama yake anafanya kazi ya kushona, hali mayai, sasa hivi yuko kwenye bembea. Huyu ana kikohozi tangu Ijumaa, amekaa ukutani juani. Wote, Jemutai! Afisa alikuwa anachungulia juu ya bega lake kuhakikisha, na kila mtoto alikuwa pale aliposema. Alimalizia, "Na Kipyego yuko Soy, kwa Mercy."

Afisa akauliza, "Huyo nimwandike?"

"Huyo usimwandike. Huyo namngoja."

Afisa akajumlisha kwa vidole, ikalingana na kitabu changu. Mimi nikadhani yamekwisha.

Wakati anaandika ripoti yake, dereva wake alifungua geti ageuze gari. Hatukumsikia. Watoto walikuwa wanaingia ndani na Kogo anaita mlangoni. Akafika kwa Lennox. Kimya. Akaita tena. Kisha akainua mkono juu, na hiyo ndiyo ishara yetu: kila mtu anaacha alichoshika. Brenda alikimbilia getini, mimi nikaenda upande wa shimo, Kogo akabaki mlangoni na wengine. Hatukuulizana. Tumelifanyia mazoezi hilo kila siku kwa wiki mbili, mpaka Mzee Stephen akauliza kama na sisi tunajiandaa kwa mbio.

Lennox alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu la gari la afisa, anachezea mawe. Injini ilikuwa imeshawashwa. Brenda alilipiga gari ngumi mbili, dereva akakanyaga breki, mtoto akanyakuliwa. Tangu Kogo alipoita jina mara ya kwanza mpaka Lennox alipomgusa mkono, haikufika dakika moja. Safari hii sikumwambia mtu agawe uji.

Bwana Kipkirui alikaa tena kwenye kile kiti kidogo bila kuambiwa. Akaomba maji. Aliponyanyuka alimfokea dereva wake mpaka nikamhurumia, kisha akatia sahihi. Tumepata leseni, dada! Nimeitundika ukutani, juu, watoto wasiifikie.

Na bado. Anataka mama yako aende ukumbi wa chifu mwezi huu kuwaonyesha walezi wa vituo vingine vya Kiplombe anavyofanya. Mama yako aliuliza jambo moja tu, kama kutakuwa na chai.

Sikuombi chochote. Nilitaka ujue tulipofikia.

Nasra

*

Kaptagat
Jumanne, 7 Oktoba 2025

Dada Nasra,

Jumamosi asubuhi barua yako ilikuwa mfukoni mwangu kwenye mstari wa kuanzia. Nilikuwa nimeisoma Ijumaa jioni, nikalia, nikalala usingizi ambao sijaupata tangu nije huku.

Tulikimbia kilomita thelathini na tano. Mpaka kilomita ya ishirini nilikuwa wa tano na sikujali. Miguu ilikuwa miepesi, sikuwa nagombana na mtu kichwani. Kwenye kilima cha mwisho niliwapita watatu. Mmoja wao ni wa wale wasichana wapya walionipita siku ile, na nilimsalimia kwa adabu nikipita. Nimemaliza wa pili. Kocha amesoma majina ya watakaosafiri na la kwangu limo. Mama yangu amezaa mtu!

Nimempa Emmanuel barua ya Mercy pia. Jumatatu atamrudisha Kipyego Kiota. Mwandike kwenye kitabu chako. Mwenye ruhusa ya kumchukua ni mama peke yake, na Mercy akiwa na kitambulisho. Mtu mwingine yeyote, hata akisema ametumwa na mimi, mfungie nje na komeo lile la juu.

Wewe na mimi tutaongea nikirudi. Nitakugombeza kidogo, halafu utanipikia wali wa mbuzi.

Jemutai

*

Kiota, Kiplombe
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mtoto wangu Jemutai,

Nasra anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asiongeze maneno yake.

Mahali hapa pazima. Nimesikia umewashinda wasichana wale. Nilijua, lakini nimefurahi kusikia. Kule ukumbini kwa chifu nilienda, walezi walikuwa wengi, walijaa mpaka mlangoni. Usiniulize idadi. Chai ilikuwepo.

Barua yako ya kuomba msamaha ninayo. Hukuwa na deni kwangu. Mtu akiogopa kwa ajili ya mtoto wake husema chochote, na mimi niliwahi kumwambia mama yangu mabaya kuliko hayo, kwa ajili yako.

Jana Mercy alimleta. Amerefuka. Alinipita mbio akaenda kwa wenzake kama aliondoka asubuhi hiyo. Mimi nikaenda jikoni, moshi ulikuwa mwingi machoni. Nasra anacheka. Nimemwambia aandike moshi.

Walipotoka kucheza nilisimama mlangoni nikawaita. Wakaja, mmoja mmoja, wakanigusa mkono. Nikafika kwake. "Kipyego." Na kwa sababu mdomo umezoea, nikaanza mwenyewe kusema, "Yuko Soy, kwa..."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa hasira, "Kogo, si niko hapa!"

Watoto walicheka, na Brenda akacheka, na huyu anayeandika alilia bila moshi wowote. Jina linalofuata lilikuwa la Lennox. Sikuliita. Niliita tena Kipyego, ili nimsikie akijibu.

Mama yako